Kompyuta mpya inayoganda na kuchafua picha: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Kompyuta iliyoundwa kwa vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja haijawahi kupimwa ikiwa nzima na kiwanda chochote. Prosesa ilipimwa peke yake, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) peke yake, kadi ya grafiki peke yake, na mara ya kwanza vyote kukutana ni pale mezani kwako, iwe Area D, Nkuhungu au kwenye bweni la Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa hiyo ikiganda, ikijizima katikati ya kazi au ikitoa mabaka ya rangi kwenye kioo ndani ya wiki za kwanza, usiharakishe kuamini kwamba umeuziwa kifaa kibovu. Mara nyingi vipande vyote ni vizima, ila viwili kati yao havijapatana, au kimoja hakikukaa sawasawa.

Jambo ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba kosa huonekana kwenye kioo, lakini si lazima chanzo chake kiwe kadi ya grafiki. RAM iliyopandishwa kasi kuliko inavyoweza kuhimili, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) inayoyumba, prosesa isiyopata volti sahihi, na hata waya wa monita, vyote vinaweza kuleta picha iliyochafuka au kioo cheusi. Kadi husingiziwa kwa sababu ndiyo iliyo karibu na macho, na ndiyo ghali kuliko zote. Matokeo yake mtu hupanda basi au treni ya SGR hadi Dar es Salaam kuirudisha Kariakoo, duka likaipima na kuikuta nzima, naye akarudi Dodoma na tatizo lilelile. Mwongozo huu unaanza na vipimo visivyogharimu chochote, kisha unaingia ndani ya kasha, na sharti lake ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, pima, halafu andika ulichokiona kabla ya kugusa kingine.

Andika dalili kabla ya kushika bisibisi

Kila kosa linapotokea, andika saa, programu iliyokuwa ikifanya kazi, na namna kompyuta ilivyokufa. Namna ya kufa ndiyo habari yenye thamani kuliko zote. Kompyuta inayozimika papo hapo kana kwamba mtu amechomoa waya, bila skrini ya buluu na bila ujumbe wowote, huelekeza kwenye umeme, joto au shoti ndani ya kasha. Ukiiwasha tena na kufungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) utakuta mstari wa Kernel-Power wenye namba 41, na wengi huusoma wakadhani wameambiwa kwamba pawa saplai ni mbovu. Mstari huo hausemi hivyo; unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu wa kuzima.

Skrini ya buluu ni habari nyingine, kwa sababu hapo Windows yenyewe iligundua kosa ikaamua kusimama. Ipige picha kwa simu kabla haijapotea, kwani maneno yaliyo chini yake ndiyo unayoyahitaji. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA hutia shaka RAM, ingawa draiva mbovu (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) nayo inaweza kuyaleta. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni taarifa kutoka kwenye vifaa vyenyewe, mara nyingi prosesa, volti yake au njia ya PCIe (inayounganisha kadi na ubao mama, yaani bodi kuu). VIDEO_TDR_FAILURE inahusu kadi ya grafiki au draiva yake. Ujumbe ukibadilika kila mara, leo huu kesho ule, bila mpangilio wowote, mimi huanza na RAM moja kwa moja, maana kumbukumbu inayoharibu data huangusha programu yoyote iliyoikuta njiani.

Zipo pia dalili mbili zinazofanana kwa nje lakini hazitoki mahali pamoja. Kioo kikiwa cheusi kwa muda mfupi kisha kikarudi, Windows imeiwasha upya draiva ya grafiki: kwa kawaida huisubiri kadi kwa sekunde 2, ikiona haijibu huirudisha mwanzo, na kwenye Event Viewer huandika tukio namba 4101. Lakini kioo kikizimika moja kwa moja huku feni za kadi zikivuma kwa nguvu zote na muziki ukiendelea kusikika, kadi imepoteza umeme au mawasiliano na ubao mama, na hapo waya za umeme na namna kadi ilivyokaa ndivyo vya kuangalia mwanzo.

Tenganisha kioo na kompyuta

Mabaka, mistari au vitone vya rangi vikitokea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Print Screen wakati bado vinaonekana. Picha itahifadhiwa kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Itume kwenye simu yako na uitazame huko, wala si kwenye monita hiyo hiyo inayoshukiwa. Ikiwa mabaka yamo ndani ya picha, yalizaliwa ndani ya kompyuta, yaani kwenye kadi, kumbukumbu yake, draiva au programu. Ikiwa picha ni safi kabisa, uchafu unaingia baada ya picha kutoka kwenye kadi: kwenye tundu, waya au monita. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na peke yake kinaweza kukuokolea safari.

Kipimo cha pili ni kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayotangulia Windows) kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu baada ya kuwasha, kisha kuiacha kompyuta humo kwa muda. Ndani ya BIOS hakuna Windows wala draiva yake, kwa hiyo mistari ikijitokeza humo usipoteze muda kusakinisha programu upya. Kompyuta ikijizima humo humo, bila mzigo wowote, shaka huhamia kwenye umeme, upozaji wa prosesa au RAM.

Ukishaona kwamba uchafu uko upande wa waya, shusha kasi ya kioo kubadilisha picha kutoka 144 Hz hadi 60 Hz. Kupepesuka kukiisha, waya haubebi kiasi cha data unachoulazimisha kubeba. HDMI 2.0 ina uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde na HDMI 2.1 gigabiti 48, na kioo cha 4K kinachoendeshwa kwa 120 Hz kikiwa na rangi kamili hakiwezi kutosha kwenye ule wa kwanza, hata kama muuzaji ameandika kwenye pakiti kwamba waya ni wa kisasa. Tumia waya uliokuja na monita, ufupi kadiri inavyowezekana, na epuka adapta za kugeuza DisplayPort kuwa HDMI wakati wa kupima. Ukiwa na monita yenye FreeSync (mfumo wa kulinganisha kasi ya kioo na ya kadi), zima mfumo huo kwa siku moja; baadhi ya vioo vya aina ya VA hupepesuka mwangaza vikiwa na mfumo huo, bila kuwa na ubovu wowote.

Na kama tangu mwanzo hakuna picha kabisa, hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya grafiki na si kwenye ubao mama. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama Core i5-12400F, hazina sehemu ya kuchora picha, hivyo tundu la ubao mama halitatoa chochote milele.

RAM, kabla ya draiva na kabla ya Windows

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu watu wengi huugeuza. Ukisakinisha Windows au draiva upya kwenye kompyuta yenye RAM inayokosea, faili zinaweza kunakiliwa zikiwa zimeharibika, nawe utajitengenezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza. RAM ipimwe kwanza.

Anza kwenye BIOS. RAM iliyoandikwa kasi ya 3600 au 6000 kwenye boksi haifiki kasi hiyo yenyewe. Hufikishwa na mpangilio unaoitwa XMP kwenye mbao mama za Intel na EXPO kwenye mbao za AMD, na kitaalamu huko ni kuipandisha juu ya kiwango chake cha msingi. Zima mpangilio huo, hifadhi, kisha itumie kompyuta kwa kazi ile ile iliyokuwa ikiiangusha. RAM ya DDR5 itashuka hadi 4800 au karibu na hapo, na ya DDR4 itashuka pia. Kompyuta itakuwa nzito kidogo lakini inatumika. Ikiwa makosa yameisha kabisa, umeshampata mchawi bila kufungua hata skrubu moja, na kilichobaki ni kuhuisha BIOS, au kuikubali kasi ya chini kidogo, kwa mfano 5600 badala ya 6000.

Makosa yakiendelea, pakua Memtest86+, ambayo ni ya bure, iweke kwenye flashi na uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Ikikataa kuwaka, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambuliwa kuwasha kompyuta) kwa muda. Iache ifanye kazi usiku kucha, kwani mzunguko mmoja haukamati makosa yanayojitokeza RAM ikishapata joto. Kosa moja tu linatosha kuihukumu, hakuna kiwango cha makosa kinachovumilika. Hata hivyo, kosa halimaanishi kwamba kipande kimekufa. Zima kompyuta, chomoa umeme, bakiza kipande kimoja na ukipime peke yake, kisha kingine kwenye nafasi ile ile. Vyote viwili vikipita peke yao lakini vikikosea vikiwa pamoja, chunguza nafasi, kasi, au kama uliviokota kwenye pakiti mbili tofauti. Vipande viwili vya jina moja vilivyonunuliwa kwa nyakati mbili vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani yao.

Kwenye mbao nyingi zenye nafasi nne, vipande viwili hukaa kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zinazoandikwa A2 na B2. Wapo wanaoviweka vikigusana kwa sababu vinapendeza hivyo, na kompyuta huwaka, lakini haitulii. Jambo lingine la kufahamu ni kwamba kompyuta ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza, au baada ya BIOS kubadilishwa, inaweza kukaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa ikijifunza kuisoma RAM yake. Usiizime katikati ukidhani imeganda.

Draiva

RAM ikishakuwa safi, shughulikia draiva. Pakua draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu ya kadi yako, yaani NVIDIA, AMD au Intel, pamoja na programu ya Display Driver Uninstaller. Ondoa kompyuta kwenye intaneti ili Windows isiingize draiva yake wakati unafanya kazi, ingia Safe Mode (Windows ikiwa na vitu vya lazima tu), safisha draiva ya zamani, washa upya, ndipo usakinishe mpya. Kama kadi yako ya zamani ilikuwa ya kampuni nyingine na umeihamishia diski ile ile kwenye kompyuta mpya, hatua hii si ya hiari. Draiva mpya ikileta shida, jaribu ya miezi michache nyuma. Toleo jipya si lazima liwe bora kwa kadi yako. Sakinisha pia draiva za chipseti za ubao mama, ambazo husahaulika sana.

Umeme, kuanzia ukutani hadi kwenye kadi

Hapa ndipo ningemwomba msomaji wa Dodoma atulie zaidi. Umeme wetu wa kawaida ni volti 230 kwa 50 Hz, lakini kinachofika kwenye soketi hutegemea umbali wa nyumba kutoka kwenye transfoma, unene wa waya na mzigo wa majirani. Nyumba iliyo mwisho wa laini, kwenye mitaa inayokua haraka, inaweza kupata volti nzuri saa 8 mchana na volti pungufu saa 2 usiku watu wakiwa wanapika, wanapiga pasi na kuwasha pampu. Hii ndiyo sababu ya kuandika saa. Kompyuta inayoanguka jioni tu, na mchana ikafanya kazi ile ile bila shida, haina haja ya kadi mpya kabla soketi haijapimwa.

Kama unajua kutumia multimita, pima soketi saa ile ile ya tatizo, huku kompyuta ikiwa na mzigo. Kama hujui, mwite fundi umeme, kwa kuwa umeme wa ukutani huua. Kisha soma kibandiko kilichoko ubavuni mwa pawa saplai. Nyingi zilizo nzuri zimeandikwa volti 100 hadi 240, nazo huvumilia umeme mdogo bila kutetereka. Nyingine, hasa za bei ya chini, zimeandikwa 200 hadi 240 tu, na hizo umeme ukishuka chini ya 200 huwa nje ya kile zilichotengenezewa. Ondoa pia ekstensheni kwenye mnyororo wa kupima: chomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi yenye erthi ya kweli. Ukitumia UPS, ipime kando kwa muda, kwa sababu UPS nyingi za nyumbani hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini zinapohamia kwenye betri, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazipatani nayo, hivyo kompyuta huzimika pale pale ambapo UPS ilitakiwa kuiokoa.

Sasa fungua kasha. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu mno, na umeme tuli unaorundikana mwilini mtu akivua sweta au akitembea juu ya zulia unatosha kuua chipu bila wewe kuusikia. Usifanye kazi hii juu ya zulia.

Shika plagi ya umeme ya kadi ya grafiki na uitazame kwa tochi, kutoka ubavuni. Plagi ya pini 8 ina ulimi mdogo wa plastiki unaotakiwa kupanda juu ya kidoto kilichoko kwenye tundu na kukishika. Ulimi ukiwa umeishia kabla ya kidoto, hata kwa upana wa ukucha, pini zinagusana nusu, kompyuta inawaka na kufungua Windows kama kawaida, kisha mchezo au programu ya kuhariri video ikiita wati nyingi, kadi inakatika. Isukume hadi usikie mlio. Fanya vivyo hivyo kwa plagi kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa iliyoko kona ya juu ya bodi, ambayo kwa kuwa iko mahali pa kubana ndiyo inayoachwa nusu mara nyingi. Kwa kadi mpya zenye plagi ndogo ya pini 16, hakikisha hakuna mwanya wowote kati ya plagi na tundu, na usiukunje waya karibu kabisa na plagi. Plagi hizo zikikaa nusu zimewahi kuyeyuka.

Tundu moja la pini 8 kwenye kadi limekusudiwa kubeba wati 150, na nafasi ya PCIe kwenye ubao mama hutoa wati 75. Kadi yenye matundu mawili ipewe waya mbili zinazotoka kila mmoja kwenye pawa saplai, badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili. Pia usichanganye waya za pawa saplai mbili tofauti, hata kama vichwa vinaingia vizuri, kwa kuwa mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haulingani baina ya watengenezaji na unaweza kuteketeza diski na bodi kwa kuwasha mara moja tu.

Hesabu ya wati nayo ina mtego. Kadi inayoandikwa wati 300 inaweza kuvuta zaidi ya hizo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na pawa saplai iliyonunuliwa kwa kubana hesabu huchukulia mruko huo kuwa ni shoti, ikajikata. Ili kulijua hili bila kununua kitu, sakinisha MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, kisha rudia kazi inayoiangusha. Kompyuta ikitulia, umeme ndio unaotakiwa kuchunguzwa zaidi. Fungua pia HWiNFO (programu ya kusoma volti na joto) na uangalie laini ya volti 12. Kanuni za ATX (vipimo vya pamoja vya pawa saplai) huiruhusu kati ya 11.4 na 12.6. Usomaji wa programu si sahihi kama wa multimita, lakini laini inayoporomoka kila mzigo unapopanda inasema jambo.

Ukiwa bado umefungua kasha

Toa kadi ya grafiki, irudishe hadi kishikizo cha nafasi ya PCIe kijifunge, na ukaze skrubu zake kwenye kasha. Kadi nzito iliyoning'inia huinuka upande mmoja ikapoteza mawasiliano, itegemeze. Kama kadi imesimamishwa wima kwa waya wa kuongezea wa PCIe, toa waya huo na uichomeke moja kwa moja kwenye bodi, au ingia BIOS na ushushe njia ya PCIe kutoka kizazi cha 4 hadi cha 3. Waya uliotengenezwa kwa kizazi cha 3 ukipitishiwa cha 4 huleta mabaka, kioo cheusi na makosa ya WHEA yasiyoeleweka. Angalia pia kwamba hakuna nguzo ya skrubu iliyozidi nyuma ya ubao mama, kwani hugusa pini na kuleta shoti.

Kuhusu joto, hakikisha kile kikaratasi cha plastiki chini ya kipoza prosesa kilitolewa. Kisha tazama namba wakati wa mzigo. Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa kuweza kufika nyuzi 95, na prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, kwa hiyo namba kubwa peke yake si ubovu. Zikifika hapo hupunguza kasi kwanza. Kadi ya grafiki ikiwa kwenye nyuzi 70 au 80 na kompyuta ikaanguka, joto la chipu si chanzo, usilikazanie. Vumbi la Dodoma nalo lina lawama zake, lakini si kwa kompyuta ya wiki tatu.

Prosesa inapojificha nyuma ya kadi

Mfano mzuri kuliko yote ni Core za kizazi cha 13 na cha 14 za Intel kwa kompyuta za mezani. Michezo mingi ilianguka ikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imeisha, hata kwenye kadi zenye kumbukumbu ya kutosha kabisa, na wengi wakabadilisha kadi na draiva bila mafanikio. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa zilizoathirika zilikuwa zikipata volti ya juu kupita kiasi na kuchakaa ndani kwa ndani, ikatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, ambayo huingia kupitia BIOS, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa, hiyo hubadilishwa. Ukinunua prosesa ya aina hii, hasa iliyotumika, huisha BIOS kabla ya kuipa mzigo.

Kwa upande wa AMD, rudisha kwanza mipangilio yote ya kupunguza au kupandisha volti kama ulivyoikuta. Prosesa iliyopunguziwa volti kupita kiasi huweza kupita kwenye vipimo vizito na kuanguka ukiwa unasoma barua pepe, kwa sababu inaishiwa nguvu pale inapopanda kasi kutoka kwenye utulivu. Mistari ya WHEA-Logger kwenye Event Viewer, hasa namba 18 na 19, huelekeza huku.

Kuhuisha BIOS kuna hatari moja inayotuhusu sana: umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi inaweza isiwake tena. Ifanye ukiwa na UPS iliyojaa au inveta, asubuhi umeme ukiwa umetulia, na hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha. Hifadhi pia ufunguo wa BitLocker (mfumo wa Windows wa kufunga diski) mahali nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu Windows 11 inaweza kuudai baada ya BIOS kubadilika.

Kuibana kadi yenyewe

Ukifika hapa kadi ya grafiki inashukiwa kwa haki. Pima prosesa peke yake kwa Prime95, kadi peke yake kwa FurMark, kumbukumbu ya kadi kwa kipimo cha VRAM kilichomo ndani ya OCCT, kisha prosesa na kadi kwa pamoja, huku ukikaa hapo ukitazama joto. Kompyuta inayopita kila kimoja lakini ikaanguka vikiwa pamoja ina tatizo la pawa saplai zaidi kuliko la kadi. Makosa kwenye kipimo cha VRAM, pamoja na mabaka yaliyoonekana ndani ya BIOS na kwenye picha za skrini, ni ushahidi mzito dhidi ya kadi. Uthibitisho wa mwisho ni kuihamishia kwenye kompyuta ya jirani au ya fundi unayemwamini: ubovu ukihama nayo, ni wake, ukibaki kwenye kompyuta yako, umeiacha huru. Kadi iliyotumika ipimwe hivi kabla hata siku za kurudisha hazijaisha.

Unapoirudisha dukani, peleka video ya simu inayoonyesha kosa likitokea, orodha ya ulichokipima kwa mpangilio wake, na risiti ya EFD; muuzaji akikuta umeshajaribu waya, RAM, draiva na kompyuta nyingine, mazungumzo huwa mafupi. Usisafirishe kompyuta nzima ikiwa na kadi ndani yake. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450, na kila tuta la barabarani hufanya kadi nzito ivute nafasi yake ya PCIe. Itoe, iweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ifunge ndani ya boksi lake, na uishike mwenyewe mkononi badala ya kuiacha kwenye buti la basi.